Kufuli za Mtaa wa Chini

Neno lenyewe lilikuwa "tokeni", na King'ora alilipigania kikao kizima.

Mkurugenzi wa halmashauri hakulipenda. Alisema lina harufu ya fujo. Yeye alitaka wakazi wa Mtaa wa Chini "washauriwe kuchukua tahadhari stahiki", maana alikuwa amepanda vyeo kwa kutomkasirisha mtu yeyote aliye juu yake, na aliamini hakuna balaa lisilopungua makali likizungushiwa maneno. Mkuu wa mapato, aliyekaa mkono wake wa kulia kama kawaida, aliunga mkono hoja, akaomba pia tangazo lianze kwa kuwashukuru walipa ushuru. Mezani simu ilikuwa imewekwa spika, na mhandisi wa bwawa alisikika akihema kama mtu anayeongea huku anapanda ngazi. Alikwisha kusema na kurudia kwamba ukuta wa bwawa umepata ufa, kwamba dawa yake ni moja tu, kufungua milango ya maji alasiri hii hii, na kwamba kabla jua halijazama mto utakuwa umepanda hadi ndani ya nyumba zote za bondeni.

"Mkurugenzi," King'ora alisema, "mtu ukimwambia achukue tahadhari, atachukua mwavuli. Sisi tunataka atoke."

Mkurugenzi akatazama dari. Mhandisi akasema kutoka kwenye simu kwamba huyo dada apewe neno lake, watu wana kazi. Basi akapewa. King'ora alitoka kikaoni na tangazo lake mkononi, fupi, safi, lisilo na hata sentensi moja ya kupakana mafuta, na moyoni alijipongeza. Alikuwa afisa habari wa halmashauri kwa miaka mingi, na hakukumbuka siku nyingine aliyoshinda vita vya maneno mbele ya mkurugenzi.

King'ora halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alizaliwa Mtaa wa Chini, na alipokuwa mchanga alilia kwa mapafu makubwa hivi kwamba jirani mmoja alitoka nje usiku akitafuta moto unawaka wapi. Jina likamganda. Lilimfuata shuleni, likamfuata chuoni, na ofisini lilifika kabla yake. Mama yake naye akawa Mama King'ora, na hakuona ubaya wowote. Baadaye sauti ile ile ikawa ndiyo kazi. Gari la matangazo la halmashauri, lenye vipaza sauti viwili juu ya paa, lilizunguka mji mzima likiwa na King'ora ndani, ama mwenyewe ama amerekodiwa. Maji yatakatika. Fanyeni usafi. Mwisho wa kulipa ushuru ni Ijumaa. Ondoeni vibanda barabarani. Hakuna aliyekuwa haijui sauti ile, na si wengi walioipenda.

Kwenye korido akampigia mama yake. Simu ikaita mpaka ikachoka. Hakushangaa, kwa sababu mama yake hakuwa amepokea simu yake tangu mwaka jana, lakini leo mlio ule ulimkata maini. Mama alikuwa bado anaishi kule kule chini, chumba kile kile, hatua chache kutoka mtoni, na alikwisha kukataa kuhamia popote ambako angelazimika kuwasalimia majirani wapya.

Dereva wa gari la matangazo aliitwa Polepole, na aliyempa jina hilo hakumwonea. Aliendesha kama mtu aliyepakia mayai. Siku hiyo King'ora alimwomba aongeze mwendo, naye akasema sawa, akaongeza kidogo sana. Walipofika kichwani mwa mtaa, pale barabara inapoanza kuteremka, Polepole akanyoosha kidole na kubonyeza kitufe kama alivyobonyeza kila siku ya kazi, na muziki wa halmashauri ukalia. Ilikuwa tarumbeta na ngoma kidogo, ya kuwaita watu wasogee wasikilize. Halafu King'ora akashika maiki, akasema maneno yake yote aliyoyapigania, vizuri, bila kumung'unya. Wakazi wa Mtaa wa Chini, maji ya bwawa yanafunguliwa. Mto utaingia majumbani kabla ya jua kuzama. Tokeni sasa hivi, pandeni shule ya juu kilimani.

Akainua macho kutazama watu wakitoka, na barabara ilikuwa tupu.

Muda mfupi tu kabla ya hapo, kutoka juu, aliwaona kwa macho yake: wauza mitumba, muuza chaja, mama wa ndizi, watoto na mipira yao ya makaratasi. Sasa alibaki mbuzi mmoja na ndala moja ya mguu wa kushoto. Karai la mafuta lilikuwa linachemka peke yake juu ya jiko. Na kwenye kila mlango, pande zote mbili, mpaka bondeni, kulikuwa na kufuli, limefungwa kwa nje.

Ndipo King'ora alipokumbuka.

Aliufahamu mpango ule kuliko mtu yeyote wa halmashauri, maana aliyeubuni alikuwa mama yake. Zamani, kila gari la matangazo lilipopita, nyuma yake walikuja watu wa mapato na lori, na aliyekutwa na bidhaa barabarani aliziaga. Mama King'ora akawaambia majirani wanunue kufuli, na ufunguo mmoja wa kila kufuli akae nao yeye. Muziki ukilia, wenye biashara wanakusanya vitu na watoto, wanaingia ndani, na yeye anapita mbio mlango kwa mlango akiwafungia kwa nje. Kisha anapotelea nyuma ya mashine ya kusaga, kule chini kabisa ukingoni mwa mto, na funguo zote. Watu wa mapato wanakuta makufuli mtaa mzima, hakuna mtu, wanageuza lori. King'ora mwenyewe utotoni alikaa ndani ya vyumba vile mara nyingi, na kwa sababu ya mapafu yake ndiye peke yake aliyewekewa mto wa kulalia mdomoni. Ofisini hakuwahi kumwambia mtu siri hiyo. Pengine ndiyo heshima pekee aliyokuwa amebaki kuwapa watu wa kwao.

Akajiona mpumbavu. Alishinda na neno moja kichwani asubuhi yote, akasahau muziki. Watu walikuwa wamekwisha kufungiwa kabla hajafungua mdomo, na mwenye funguo alikuwa amejibanza mahali ambapo maji yangefika kwanza.

Akamwambia Polepole azime kitu hicho na asikiguse tena. Akashuka, akagonga mlango wa kwanza.

"Hakuna mtu," sauti ya mzee ikajibu kutoka ndani.

"Baba, kama hakuna mtu, nani ananijibu?"

Kukawa na kunong'onezana kwa muda. Kisha sauti ile ile ikasema kwamba wote wamekwenda msibani.

Siku nyingine angecheka mpaka akae chini. Alirudia habari ya maji pale mlangoni, kwa upole, akaeleza juu ya bwawa na ufa. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa adabu kwamba wakirudi kutoka msibani atawapa salamu. Mlango wa pili hakujibiwa kabisa, ingawa mtoto alikohoa na kikohozi kikazibwa. Kwenye wa tatu kulikuwa na dirisha dogo la nondo, na nyuma ya nondo akatokea fundi cherehani, mwanamume wa makamo mwenye futi ya kupimia shingoni, ambaye ndiye aliyemshonea King'ora sare yake ya kwanza ya shule. Huyu hakujisumbua kujificha.

"Dada, nimekusikia," alisema. "Maneno mazuri. Na mwaka jana ulisema chanjo. Mke wangu akatoka na mtoto mgongoni."

Ilikuwa kweli tupu. Mwaka jana alisoma kwenye gari hili hili kwamba kuna chanjo ya bure ya watoto kwenye uwanja wa soko. Mtaa wa Chini haukujifungia siku ile. Mtu gani anamfungia mtoto asipate chanjo? Mama zao wakatoka, wakapanga foleni mbele ya meza nzuri yenye kitambaa cheupe, na muuguzi hakufika, kwa kuwa hakuwepo muuguzi. Wakati wao wako foleni, lori la mapato lilikuwa linapakia vibanda. Kibanda cha Mama King'ora kilikuwa cha kwanza. Jioni ile King'ora alikwenda kwa mkurugenzi, akataka halmashauri iseme neno, hata dogo. Mkurugenzi alimwambia operesheni imefanikiwa na mambo yakiachwa yanapoa yenyewe. Naye akayaacha. Alikuwa na kodi ya nyumba, alikuwa na ada za watoto, akafyata mkia. Mama yake alimpigia mara moja tu, akasema, "Nilimshika mkono mtoto wa jirani nikamtoa nje kwa ajili ya sauti yako," akakata simu.

"Fundi, leo ni kweli," King'ora alisema.

"Na siku ile ulisema ni kweli." Fundi hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemweleza mteja kwamba kitambaa hakitoshi. Kisha akaongeza kwamba hata angetaka kutoka, kufuli liko nje na ufunguo anajua uliko.

King'ora akampigia mkurugenzi. Alimweleza habari ya makufuli, siri ya miaka yote ikamtoka kwa pumzi moja, akaomba ruhusa ya kitu kimoja tu: awaambie watu kwenye kipaza sauti kwamba ile chanjo ilikuwa uongo. Bila hivyo hatoki mtu.

"Halmashauri haikiri makosa kwenye kipaza sauti," mkurugenzi akajibu. "Polisi wako njiani na nyundo. Wewe endelea kusoma kilichoidhinishwa."

Nyundo. King'ora akaitazama milango ikiteremka mpaka bondeni, makumi kwa makumi, akawaza polisi wakivunja mlango mmoja baada ya mwingine na watu ndani wakisukuma makabati kuwazuia, wakidhani ni lori. Simu ikaita tena. Alikuwa mhandisi, na safari hii hakuwa anahema, alikuwa ametulia kwa namna ya kutisha. Mlango mdogo wa bwawa amekwisha kuufungua, alisema, hakuwa na jinsi. Mkubwa unafuata. Mto ukionekana kubadilika rangi na kubeba vitu kutoka juu, basi wajue ndiyo hayo.

Kuna hofu inayomlegeza mtu magoti, na kuna nyingine inayomnyoosha mgongo. Ya King'ora siku ile ilikuwa ya pili. Akapiga moyo konde. Kazi kama itakwenda, iende. Akapanda garini, akamwambia Polepole ateremke mpaka barabara inapoishia, juu ya mashine ya kusaga.

Polepole akamkumbusha kwa unyenyekevu kwamba ana amri ya maandishi ya kutovuka kalavati, lile daraja dogo la mtaroni, kwa usalama wa gari. King'ora akamwambia kwamba mama yake yuko kule. Polepole akamtazama, akafunga mkanda, na kwa mara ya kwanza tangu apewe leseni akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Vyombo vyote vya gari vikalia, na mbuzi aliruka mtaroni.

Pale chini akasimamisha gari na kugeuza, vipaza sauti vikawa vinatazama mtaa wote. King'ora akaikunja karatasi ya tangazo, akaikalia, akashika maiki.

"Ni mimi King'ora," akasema. "Sisomi. Mwaka jana niliwaambia kuna chanjo. Hakukuwa na chanjo. Ulikuwa mtego wa halmashauri, mimi ndiye niliyeusoma, na jioni ile ile nikajua, nikanyamaza kwa sababu ya kazi. Hamna sababu ya kuniamini, wala siwaombi mniamini. Mama, funguo unazo wewe. Usinisikilize mimi. Uko hatua tatu kutoka mtoni, geuka uutazame. Ukiona hauna kitu, kaa hapo hapo, na mimi nisije tena nyumbani kwako. Ukiona umebadilika, njoo ufungue watu."

Akanyamaza. Alikuwa hajawahi kunyamaza na maiki ikiwa wazi, kazini hilo ni kosa, lakini hakuwa na neno jingine. Kwenye vipaza sauti ikasikika pumzi yake tu. Polepole alikuwa ametazama usukani kama mtu aliye ibadani. Ndani ya nyumba hakuna aliyekohoa, na King'ora alijua kwamba mtaa mzima, nyuma ya milango yake, unasubiri kile kile anachosubiri yeye.

Mama King'ora akatokea pembeni ya mashine ya kusaga. Alikuwa anapanda haraka, bila kukimbia, na pindo la nguo yake lilikuwa limelowa mpaka magotini. Mkononi alikuwa na fungu la funguo limefungwa kwenye kitambaa, kubwa kama mtoto wa mwezi. Alipofika dirishani mwa gari hakumtazama bintiye usoni.

"Mto umebeba banda la kuku," akasema. "Banda zima, na kuku juu yake." Akafungua kitambaa, akagawa funguo mafungu mawili juu ya boneti. Kila ufunguo ulikuwa na kipande cha uzi wenye rangi, na kila kufuli lilikuwa na uzi wa rangi hiyo hiyo, kwa kuwa Mama King'ora hakusoma lakini hakuwahi kumfungulia mtu mlango usio wake. "Upande wa kushoto wako. Anza chini."

Yale mengine ni kazi, na kazi haina hadithi ndefu. King'ora alikimbia mlango kwa mlango upande wa kushoto, mama yake upande wa kulia, na kila kufuli lililofunguka lilitoa familia nzima na mabunda yake. Waliotoka waliwapigia kelele waliobaki kwamba ni kweli, ni kweli, mto unakuja. Hilo ndilo tangazo lililofanya kazi kuliko yote. Polepole alijaza gari wazee na wajawazito, akawapandisha, akashuka tena, mwendo ule ule mpya, na hakuna aliyemwita Polepole siku hiyo. Fundi alitoka amekumbatia kichwa cha cherehani, mkewe akambeba mtoto, na meza ya chuma ya cherehani wakaiacha. Mzee wa msibani alitoka mwisho wa safu yake, amevaa koti. Alimwambia King'ora kwamba wamerudi.

Polisi walifika na nyundo zao wakakuta milango wazi. Kufuli moja tu lilikuwa na kutu na likagoma, wakalivunja hilo, wakafurahi kuwa na la kufanya, halafu wakasaidia kubeba watoto. Maji yaliingia mtaani wakati safu za chini zimekwisha kuwa tupu. Hayakuja kwa kishindo kama kwenye sinema. Yalitoka kwenye mitaro kwanza, ya rangi ya chai, yakatandaa barabarani, yakamfika mtu kifundoni, halafu gotini, na yakawa yanasukuma. Mama King'ora alipita mbele ya chumba chake mwenyewe. Mlango wake haukuwa na kufuli, maana hakuna aliyewahi kumfungia yeye. Hakuingia. Akatazama ndani mara moja na kuendelea kupanda.

Kilimani, kwenye uwanja wa shule, watu walikaa kwa safu za nyumba zao, jirani akimwita jirani, na wote wakaitikia. King'ora alikwenda safu kwa safu akisikiliza. Alipohakikisha kwamba hakuna jina lililoitwa likakosa mwenyewe, akajishikiza kwenye mlingoti wa bendera. Alitamani kumwendea mama yake. Lakini mama yake alikuwa amempa mgongo, anakung'uta pindo.

Ndipo mkurugenzi alipofika, na mkuu wa mapato nyuma yake, na mtangazaji wa redio ya mji. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Kule chini maji yalikuwa yamesimama, tena yameanza kurudi nyuma kidogo, na watu walikwisha kuinuka kutazama. Paa zilionekana. Mmoja alisema godoro lake liko juu ya kabati, halijalowa. Mwingine akakumbuka vyeti. Fundi akaitaja meza ya cherehani. Wakaanza kujikusanya langoni, wakiambiana kwamba wakiwahi wataokoa kitu. Na wakati huo huo simu ya King'ora ilikuwa sikioni, na mhandisi anamwambia kwamba mlango mkubwa ndiyo kwanza unafunguliwa. Yale ya mwanzo yalikuwa salamu tu, alisema. Mtu asishuke hata kidogo.

Mkurugenzi akamvuta pembeni, kando ya gari la matangazo. Akampa karatasi. Alikuwa ameiandika mwenyewe njiani, akaomba isomwe hapa hapa, mbele ya redio, kabla maneno ya mchana hayajasambaa. Karatasi ilisema kwamba zoezi la kuwahamisha wakazi limefanikiwa kwa asilimia mia, na kwamba yaliyosemwa na afisa mmoja kuhusu chanjo yalitokana na mshtuko, hayana ukweli wowote, na yapuuzwe.

"Soma hivyo," akamwambia kwa sauti ya chini, karibu ya kirafiki, "na mimi nitasahau kila kitu. Usiposoma, Jumatatu usije."

King'ora akaisoma kimya mpaka mwisho. Akaangalia langoni, ambako mama yake alikuwa amekwisha kuungana na wale wa kushuka, amejifunga nguo kiunoni tayari kwa maji. Hasira ikampanda, si ya kelele. Ilikuwa hasira ya mtu aliyechoka kutumwa.

"Mkurugenzi, bado kuna tangazo moja," akasema. "Mlango mkubwa wa bwawa umefunguliwa. Wale wakishuka, wanakufa." Akamnyooshea maiki ya gari pamoja na karatasi. "Soma wewe. Waambie nilichosema mchana ni uongo. Ukimaliza tu, waambie wasishuke. Tuone watakusikiliza kwa lipi."

Mkurugenzi akashika maiki. Akawatazama watu langoni, nao wakamtazama yeye, na walikuwa wanamfahamu. Mdomo wake ulifunguka. Mkuu wa mapato akajisogeza hatua moja pembeni, asije akaonekana kuwa pamoja naye. Mwishowe mkurugenzi akamrudishia King'ora maiki bila neno, na karatasi akaikunja, akaitia mfukoni.

"Ni King'ora tena," akasema. Sauti ilikuwa imekauka, haikufanana na ile ya kwenye gari. "Niliyowaambia mchana ni kweli, yote, na ya chanjo pia. Kesho nikiwa na kazi au sina, ni kweli. Sasa kuna maji mengine, makubwa kuliko haya, yako njiani. Haya mnayoyaona yanarudi, yanawadanganya. Msishuke. Godoro liacheni. Vyeti viacheni, halmashauri itawaandikia vingine, na huyu hapa mkurugenzi amenisikia nikisema hivyo. Tafadhali, kaeni."

Langoni watu wakasita. Fundi cherehani akatazama chini, kwenye paa la nyumba yake, akatazama juu, akashindwa kuamua. Wawili watatu wakaendelea kusogea, na nyuma yao wengine wakajitayarisha kuwafuata, kwa sababu maji kweli yalikuwa yanarudi, na kila mtu aliyaona.

Mama King'ora alikuwa mbele kabisa. Akasimama. Akawageukia wale waliokuwa nyuma yake, akanyoosha mikono yote miwili akaziba lango.

"Rudini mkae," akawaambia. "Hamjamsikia mwanangu?"